Barabara Ikikatika, Masjala Haifungwi

Mimi ni karani wa mahakama hapa Garissa, upande wa masjala. Zamani kazi yangu ilikuwa kutafuta jalada, kulipangusa vumbi na kulifikisha kwa hakimu. Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipohimiza ofisi ziwaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani inapowezekana, nilijiuliza nitafanya nini nyumbani na majalada yamefungiwa kabatini. Nairobi walianza kufungua kesi kwa mtandao Julai mwaka huo. Sisi tulibaki na makaratasi yetu.

Mafuriko ya Novemba 2023 ndiyo yaliyonigeuza. Likizo yangu iliisha nikiwa Mwingi, na Mto Tana umeimeza barabara ya kurudi Garissa, kati ya Mororo na Madogo. Wenye haraka walivushwa kwa mashua. Mimi na maji hatuelewani. Mkubwa wangu akaniambia, "Kaa huko huko, lakini fanya kazi." Nikanunua bando, nikaketi kwa shemeji, nikapanga orodha ya kesi na kuwatumia mawakili kiungo cha kuingilia kikao cha mtandaoni. Kesi zilitajwa, tarehe zikatolewa.

Ila upande wa pili, kule Garissa, alikuwepo mwenzangu. Mama mmoja alikuja kutoa ushahidi, hana simu, Kiswahili chake cha kuombea maji. Akaitazama kompyuta, akauliza kwa Kisomali hakimu mwenyewe yuko wapi. Mwenzangu akamsogezea kiti, akamwonyesha uso wa hakimu kwenye kioo, akamshikia Msahafu aape. Stima ilipopotea, ni yeye aliyemtuliza mpaka ikarudi. Kazi hiyo mimi wa Mwingi nisingeiweza.

Machi 11, 2024, mahakama zote nchini ziliingizwa katika mfumo wa kufungua kesi kwa mtandao. Mwezi uliofuata barabara ilikatika tena, na safari hii hakuna aliyeuliza tufanyeje.

Sasa naamini kazi ya mbali, lakini si ile ya kila mtu. Wapo wanaoitaka iwe tiketi ya kutorudi Garissa huku marupurupu ya mazingira magumu yakiingia kila mwezi. Hao wakataliwe. Wakubwa wetu, tuandikieni zamu rasmi: nani anakaa mezani, nani yuko mbali, na lini wanabadilishana. Na kabla ya masika, tuwekeeni sola masjalani.