"Si mimi niliyechukua": kung'eng'e kinaponza!

Jamani, kung'eng'e tunakipenda, lakini kina mitego yake. Mshikaji wangu mmoja, mtoto wa Muleba, alikuwa karani kwenye duka la jumla hapa Bukoba mjini. Siku ya kufunga hesabu zikapungua shilingi 84,000. Bosi akataka barua ya kujieleza, tena kwa Kiingereza! Jamaa kaja kwangu mbio na karatasi mkononi: "It was not me who took the money."

Nikamwambia, baba, hapo unajichimbia kaburi.

Wenye lugha yao wanasema hiyo ni sentensi iliyopasuliwa. Unaichukua "I did not take the money", unaipasua vipande viwili, kisha kile unachokitilia mkazo unakiweka mbele, baada ya "It was". Ni kama "ndiye" na "ndiyo" zetu. Chukua msiba wetu wa tarehe 21 Mei 1996. "It was in 1996 that MV Bukoba sank" unamjibu anayebishia mwaka. "It was MV Bukoba that sank" unamjibu anayedhani ni meli nyingine. Lakini zote mbili zimeshakubali kwamba meli ilizama. Hilo halina mjadala tena.

Mtego ndipo ulipo. Ukisema "si mimi niliyechukua", umekubali kuwa yupo aliyechukua, kazi iliyobaki ni kumsaka. Na pale dukani walikuwa wawili tu: yeye na binamu wa bosi! Nani angeaminiwa? Wakati mshikaji mwenyewe alijua hakuna mwizi, bali risiti ya gari lililopeleka mzigo Muleba haikuingizwa kitabuni.

Tukaandika upya: "I did not take the money. What is missing is a receipt." Hiyo ya pili nayo imepasuliwa, ila inaanza na "What", na kidole chake kinaelekea kwenye karatasi, sio kwa mtu. Bosi akapekua mafaili. Risiti ikakutwa imebanwa pamoja na za mwezi wa nyuma. Kibarua hakikuota nyasi, ingawa neno "samahani" jamaa hakulisikia.

Vijana wenzangu, mkazo ni mtamu, hasa ukimwambia mtu "wewe ndiye". Ila kabla hujaandika "It was", soma kipande cha pili cha sentensi yako ujiulize: hili nalo nalikubali?