Kokoto Ndani ya Kopo



Ndugu yangu, leo nakusimulia jambo langu mwenyewe, tena la aibu. Zaidi ya miaka 20 nimesomesha chuoni, na mtoto asiyetulia mkekani nilimjua kwa dawa moja tu: bakora. Kisha Allah akanipa mjukuu wa namna hiyohiyo, ndani ya nyumba yangu.

Ana miaka tisa. Akili anayo, lakini aya tatu haziishi kabla hajasimama kuuliza paka kaenda wapi. Daktari akatuambia ana ADHD. Si ukaidi, wala si malezi mabovu. Mtoto kama huyu malipo ya mbali hayamsukumi, ya papo hapo ndiyo humwamsha. Nami nilikuwa nimemwahidi baiskeli akihifadhi Juzuu Amma yote. Sura 37! Kwake hiyo ni habari ya mwakani.

Shangazi yake, mpenzi wa magemu ya simu, akanifumbua macho: "Baba, gemu halimsubirishi mtu. Ukivuka hatua, pointi zako hizo hapo." Basi tukatafuta kopo. Aya moja ikisomeka sawasawa, kokoto inalia ndani ya kopo saa ileile. Kokoto kumi, mpira uani dakika tano. Na iliyoingia haitoki. Siku ya kwanza nilimnyang'anya tatu kwa kukosea, akafunga msahafu akalia. Wiki ya tatu kokoto zikamchosha, tukahamia kuchora nyota ukutani (bibi yake hajanisamehe). Zawadi ikizoeleka hupoa, ibadilishe.

Mmoja msikitini akaniuliza, "Sheikh, unamhonga mtoto asome Qur'ani?" Nikamwambia: sisi watu wazima tumeahidiwa mema kumi kwa kila herufi, nani katuhonga? Mola wetu anatujua udhaifu wetu. Ikhlasi ya mtoto tutailea taratibu.

Juzi amevuka Surat al-Bayyina, ile inayowatoa watoto jasho.

Lakini usiku ule sikulala. Nilimkumbuka kijana aliyekimbia chuo kwa bakora zangu. Leo ni fundi pikipiki. Ijumaa nilimfuata baada ya swala nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Yalishapita, maalim." Kisha akainamisha kichwa, akaniuliza ni kokoto ngapi kwa aya, maana mwanawe naye hatulii.