Paka Huizoea Nyumba Polepole

Methali yasema kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Mkazi wa Masisi au wa Walikale hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Mbegu za maharagwe zinazongoja msimu wa Septemba hulala ndani ya nyumba, katika gunia lililo karibu na kitanda, na panya wachache wakiachiwa nafasi huharibu tumaini la familia nzima. Sumu ya panya huuzwa sokoni, lakini paka akimla panya aliyekwisha kula sumu, naye huweza kufa. Kwa hiyo, wapendwa wasomaji, jinsi ya kumzuia paka asitoroke nyumbani ni jambo linalogusa chungu chetu.

Nilizaliwa katika milima ya Masisi, ambako baridi ya jioni humfanya kila kiumbe autafute moto. Huko sikuona watu wakihangaika na paka. Mlango hufungwa mapema, na paka mwenyewe hulala karibu na majivu. Ndoa ilinipeleka Walikale, kwenye joto la msitu, ambako milango na madirisha hukaa wazi mchana kutwa. Nilifika na paka wangu ndani ya kikapu kilichofunikwa kikwembe, nikaona kwamba nyumba ile ilikuwa na njia nyingi za kutokea.

Mama mkwe, aliyefuga paka tangu ujana wake, ndiye aliyeniongoza. “Mwanangu, usimtie kamba shingoni,” alisema. “Akiruka dirisha atanyongeka. Mpe chumba.” Tukamweka chumbani kwa majuma matatu, akiwa na maji, sanduku la mchanga la kujisaidia, na kikwembe kilekile alichosafiri nacho, chenye harufu aliyoijua. Nafasi iliyo kati ya ukuta na mabati tuliiziba kwa vipande vya mianzi, kwa maana pale kichwa cha paka kinapopita, mwili nao hupita. Dirishani tuliweka waya wa kuku ili hewa iingie. Watoto walifundishwa kutazama chini kabla ya kufungua mlango.

Chakula alikipata saa ileile kila siku, kabla ya giza, kwa sababu paka hupenda kuzurura jua linapotua na kunapopambazuka. Kabla ya kumpa samaki wake mkavu, mama mkwe aligonga sahani mara tatu. Jirani mmoja alituambia kwamba paka akishiba ataacha kuwinda. Mama mkwe alicheka tu, na panya waliendelea kupungua. Siku moja paka alichomoka katikati ya miguu ya mgeni. Mama mkwe alitukataza kumkimbiza, kwani paka anayefukuzwa huzidi kwenda mbali. Aliketi kizingitini, akagonga sahani. Usiku haujaingia, paka alikuwa amerudi.

Hapo nilianza kuelewa majuma yale matatu yalikuwa ya nini. Paka aliyehamishwa hatoroki kwa utukutu wala kwa kukosa shukrani. Anaitafuta nyumba anayoijua. Wapo wanaomsafirisha ndani ya gunia ili asiione njia, wakidhani kwamba atasahau alikotoka. Mlango uliofungwa humpa muda tu, mpaka sauti na harufu za mahali papya ziwe zake.

Januari 2025, vita vilipofika katika mji wa Masisi, tulipokea jamaa zetu nyumbani. Mtoto wao mmoja alikuwa akitoka kila alfajiri bila kuaga, na kila mara tulimkuta kando ya barabara, akitazama upande wa kwao. Baadhi yetu tulitaka akaripiwe. “Mwacheni,” alisema mama mkwe. “Hajamaliza majuma yake.” Kisha akamkabidhi mtoto yule kazi ya kugonga sahani jioni. Kazi hiyo ikawa inamrudisha nyumbani kila siku kabla ya giza.

Mwezi wa Machi vita vikafika Walikale pia. Tulipokuwa tukikimbilia msituni tuling'oa mianzi na waya wa dirisha kwa mikono yetu, ili paka apate njia, maana kiumbe aliyefungiwa pasipo mtu hufa. Tuliporejea mwezi wa Aprili, vyote vilivyokuwa ndani vilikuwa vimechukuliwa. Paka alikuwapo jikoni, amekonda. Yule mtoto ndiye aliyekwenda kutafuta sahani.

Leo nyumba nyingi za Kivu zinamhifadhi mtu aliyetoka kwingine. Tunashangaa anapokaa mlangoni, anapokataa kutandika kitanda chake, anapozungumzia kwao tu. Tusimharakishe. Tumpe chakula kwa saa yake, tumpe kazi ndogo iliyo yake, na tumhesabie majuma mengi kuliko tunayomhesabia paka.