Nyumba ya Kampuni Si Yako: Somo Kutoka Colònia Güell

Wacha niseme maoni yangu mapema ndio tusipotezeane wakati. Mwajiri akikupa kazi, akakupa nyumba, akawajengea watoto wako shule, akaweka duka na kanisa mlangoni pako, amekusaidia, sikatai. Lakini pia amekushika. Na mji ulionifundisha hili vizuri zaidi uko mbali sana na kwetu. Uko Uhispania, katika eneo la Catalonia, na unaitwa Colònia Güell.

Sijawahi kufika huko. Nimesoma tu habari zake na kutazama picha na ramani mpaka najihisi natembea kwenye mitaa yake kichwani. Ni kijiji kidogo cha matofali mekundu katika manispaa ya Santa Coloma de Cervelló, safari fupi ya treni kutoka Barcelona. Watalii wengi huenda kwa sababu moja: Gaudí, yule msanifu wa Sagrada Família, alianza kujenga kanisa pale. Wanashuka, wanapiga picha za kanisa, wanarudi mjini. Mimi naona wanaacha habari kubwa nyuma yao. Habari kubwa ni zile nyumba.

Mambo yalianza hivi. Familia ya Güell ilikuwa na kiwanda cha nguo Sants, ukingoni mwa Barcelona. Miaka hiyo mji ulikuwa umechemka. Wafanyakazi walikuwa wanajiunga na vyama, wanagoma, wanadai saa chache za kazi na mshahara wa maana. Mwaka 1890 Eusebi Güell akaamua kuhamisha kazi yake hadi kwenye shamba lake mashambani. Huko akajenga kiwanda cha mahameli na vitambaa vizito vya pamba, na kando yake akajenga mji mzima wa wafanyakazi.

Hebu fikiria hiyo hesabu. Ukitaka wafanyakazi wako wasikutane na watu wa migomo, unafanyaje? Unawahamisha. Unawapa kila kitu hapo hapo, wasiwe na sababu ya kutoka.

Na lazima niwe mkweli, Güell hakuwajengea vibanda. Viwanda vingine vya Catalonia vilivyojengwa kando ya mito ya Llobregat na Ter vilikuwa pia na miji yao ya aina hii, lakini yeye alitumia wasanifu wa maana. Francesc Berenguer na Joan Rubió, vijana waliofanya kazi na Gaudí, walichora majengo ambayo hadi leo watu wanayasifu. Kulikuwa na shule, duka la ushirika, ukumbi wa burudani na daktari. Na kuna kisa cha mwaka 1905: kijana mmoja wa kiwandani alianguka kwenye pipa la rangi inayochemka, akaungua vibaya sana. Watu wa pale walijitolea ngozi yao ili apandikizwe, na wana wa Güell walikuwa miongoni mwao. Sasa mtu kama huyo utamchukiaje? Mtoto wa tajiri amekatwa ngozi kwa ajili ya mtoto wa mfanyakazi!

Ndio maana mambo haya si rahisi. Mwajiri mbaya unamtambua haraka. Ni yule mwema anayekuchanganya.

Kwa hivyo tuulize swali ambalo kwetu tunalipenda: hizo pesa zilitoka wapi? Baba yake Eusebi, Joan Güell, alianza kutajirika Cuba, enzi ambazo kisiwa hicho kiliendeshwa na jasho la watumwa kutoka Afrika. Baba mkwe wake, Antonio López, alitajwa hadharani kuwa mfanyabiashara wa watumwa, na ndio sababu mwaka 2018 jiji la Barcelona liliiondoa sanamu yake. Nikiangalia yale matofali mazuri, siwezi kusahau hilo. Ukarimu wa tajiri mara nyingi huanza baada ya mtu mwingine, mahali pengine, kulipa.

Sasa turudi kwa lile kanisa, kwa sababu nalo lina la kusema. Gaudí alipewa kazi hiyo mwaka 1898 na akachukua miaka kumi kufikiria tu. Alitundika kamba darini, akaning'iniza vifuko vidogo vya risasi, akaacha uzito wenyewe uchore matao. Kisha akapiga picha na kuigeuza juu chini, akaona jinsi kanisa linavyopaswa kusimama. Ujenzi ulianza mwaka 1908. Mwaka 1914 familia ikasema pesa basi. Ilikuwa imekamilika sehemu ya chini tu, na hiyo ndiyo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005.

Kitu kinachonigusa hapo ni madirisha. Vyuma vya kuyakinga vilitengenezwa kwa sindano kuukuu za mitambo ya kufumia ya kile kiwanda. Yaani vyombo vya kazi ya watu viliingia kanisani, lakini majina ya hao watu hayamo kwenye vitabu vya watalii. Jina ni la Gaudí, na jina la mji ni la Güell.

Mnaniuliza mbona nachoma hivi kwa ajili ya kijiji cha Wazungu. Nitawaambia. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya kampuni. Baba alikuwa fundi kiwandani, tukapewa vyumba viwili, maji ya bure, stima ya bure, na shule iko hapo tu. Tulijiona watu wa bahati, na kweli tulikuwa na bahati. Halafu kazi ikaisha, na barua iliyosema kazi imeisha ndiyo hiyo hiyo iliyosema tutoke kwenye nyumba. Tulipewa mwezi mmoja. Mama alikuwa amepanda mwembe nyuma ya jikoni. Huwezi kuhama na mwembe.

Ndiyo maana niliposoma mwisho wa Colònia Güell, niliusoma mara mbili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1936, wafanyakazi walichukua kiwanda wakakiendesha wenyewe. Vita vikaisha, kikarudishwa kwa wenyewe, na miaka ya 1940 familia ya Güell ikakiuza kwa wafanyabiashara wengine. Mwaka 1973 mashine zikazimwa kabisa. Kwa kawaida hapo ndipo mji hufa.

Huu haukufa. Katika miaka iliyofuata, kiwanda kiligawanywa na kuuzwa kwa kampuni mbalimbali, na nyumba zikauzwa kwa wale waliokuwa wakiishi ndani yake. Nyumba zile zile, mitaa ile ile, ila sasa zikiwa na hati zenye majina yao. Watu wanaishi pale mpaka leo.

Kwangu hiyo ndiyo siku kubwa katika historia ya Colònia Güell. Haina mnara na hakuna mtalii anayeipigia picha. Lakini kwa miaka zaidi ya themanini wale watu walikuwa wamepewa kila kitu isipokuwa uwezo wa kumwambia bosi "hapana" na bado kulala kwao usiku huo. Hati ya nyumba ndiyo iliyowapa.

Basi ewe kijana mwenzangu unayesaini mkataba wiki hii, kampuni ikikuahidi nyumba, chukua. Nyumba nzuri haikataliwi. Lakini weka shilingi mbili tatu kando kila mwezi, jiunge na chama cha wafanyakazi, na uulize mapema: siku kazi ikiisha, ninabaki na nini chenye jina langu?

Wewe je, nyumbani kwenu kuna jina la nani kwenye hati?