Nilinuna Kwa Kuogopa

Kwa miaka kumi na minane mke wangu alipokwenda kwao siku tatu, mimi nilinuna siku saba. Alirudi na kikapu cha mihogo na salamu za wazee, nami nikageukia ukutani. Akiuliza, “Baba watoto, nimekosa nini?” nilijibu, “Hapana neno.” Mwisho akaacha kuuliza. Tulilala kitanda kimoja kama wageni.

Wala hakuwa na kosa. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Nililelewa mwaka huu kwa shangazi, mwaka ujao kwa mjomba. Kila nilipomzoea mtu, nguo zangu zilifungwa nikahamishwa. Basi moyo wangu ulijifunza hivi: usimtegemee mtu, ataondoka.

Mwalimu mmoja, jirani yetu, ndiye aliyenifumbua macho. Alinisimulia habari za Mary Ainsworth, aliyekaa Uganda mwaka 1954 na 1955, akizitembelea jamaa 26 katika vijiji vya karibu na Kampala ili kuwatazama watoto wachanga na mama zao. Aliona kwamba mtoto mwenye hakika ya mama yake hutambaa kwenda kucheza bila wasiwasi, lakini asiye na hakika huweza kulia hata akiwa amebebwa. Mwaka 1987 wataalamu wa Marekani, Cindy Hazan na Phillip Shaver, walieleza kwamba hata mapenzi ya watu wazima hufanana na hayo: mmoja hung’ang’ania kwa wivu, mwingine hujitenga asije akaumizwa.

Nikajiona mwenyewe. Usiku ule nilimweleza mke wangu yote. Nilidhani atanicheka, kumbe alilia. Akasema, “Miaka yote hii nilidhani hunitaki.” Ukimya niliojikinga nao ndio uliokuwa ukimchoma yeye.

Siku hizi akisafiri huniambia siku ya kurudi, nami huenda njiani kumpokea mzigo. Hofu haijaisha. Mwezi uliopita alichelewa, nikanuna tena, lakini kwa saa moja tu. Aliponiletea chai nilisema, “Niliogopa hutarudi.” Akaketi karibu nami, tukanywa pamoja.

Wenzangu mnaonuna, semeni neno hilo mapema. Mimi nilichelewa miaka kumi na minane, na mke wangu ndiye aliyeilipa.