Nyumba za Mtu Aliyelaaniwa

Wengi mmezoea kusoma habari za safari za Roma, za Lourdes na za Nchi Takatifu. Yangu haikuwa safari ya kuhiji. Nilikwenda Uholanzi kumtazama kijana wangu, tena nilikwenda shingo upande.

Sababu ni hii. Kijana huyu ni mtoto wangu wa tatu, amesomea mambo ya magonjwa, na sasa yu katika mji wa Leiden kwa masomo ya juu. Nyumbani kwetu Ufipa sala ilikuwa sheria. Rozari kila jioni, magoti sakafuni, na mtoto aliyesinzia kabla ya Salamu Malkia alilala bila kula. Fimbo yangu ilikaa nyuma ya mlango, na wote waliijua kazi yake. Basi miaka miwili iliyopita kijana alinipigia simu akasema, “Baba, sitaki kukudanganya. Mimi sisali tena. Sijui kama yuko anayesikia.” Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Mwisho wake nilimwambia asikanyage kwangu mpaka akili zimrudie. Tangu siku ile hatukusemezana. Mama yake alizungumza naye kwa simu, nami nilikaa pembeni nikijifanya nasikiliza redio. Kijana alipotuma nauli, mama aliiweka mezani akasema, “Mzee, ama uende wewe ama niende mimi, lakini mmoja wetu atakwenda.”

Nikaenda mimi.

Uholanzi ni nchi tambarare kama sinia. Sehemu ya nchi iko chini kuliko bahari, na watu wameizuia bahari kwa kuta za udongo na mawe. Maji hupita katika mifereji katikati ya miji, na baiskeli ni nyingi kama siafu. Mtu wa milimani kama mimi huona kizunguzungu kwa kukosa mlima wa kutazama. Kijana alinipokea vizuri, akanipigia shikamoo, akanipikia ugali. Nilipofanya ishara ya msalaba alisubiri kimya, mikono magotini, mpaka nimekwisha. Hatukuligusa lile neno. Siku ya tatu akaniambia, “Baba, nataka nikuonyeshe mahali alipokaa mtu mmoja.” Nikamfuata.

Tulipanda gari moshi mpaka Amsterdam. Huko, kando ya mfereji, karibu na jumba la baraza la mji, pana sanamu ya shaba ya mtu aliyevaa joho lenye kasuku na shomoro. Sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 2008. Mtu huyo ni Baruch Spinoza, Myahudi aliyezaliwa katika mtaa ule mwaka 1632.

Ili mwelewe habari zake, ni lazima kwanza niwaambie watu wake walikuwa akina nani. Mwaka 1497 mfalme wa Ureno aliwalazimisha Wayahudi wa nchi yake kubatizwa. Baadaye ikaja Mahakama ya Uchunguzi wa Imani, ikawafuata watoto na wajukuu wao nyumba kwa nyumba kuona kama wanashika dini ya zamani kwa siri. Nasi Wakatoliki tusijitoe katika habari hii. Mahakama ile ilikuwa yetu. Wengi wakakimbia, na wengine wakafika Amsterdam. Pale wakaanza kujifunza upya Sheria ya Musa ambayo babu zao walikatazwa. Mtu aliyepoteza kitu cha thamani akakipata tena hukishika kwa mikono miwili. Kwa hiyo wazee wao walikuwa wakali sana. Mwaka 1640 mtu mmoja aliyeitwa Uriel da Costa, aliyekuwa amepinga mafundisho yao, alichapwa viboko 39 ndani ya sinagogi. Kisha akalazwa mlangoni, na watu wakamvuka wakitoka. Aliporudi nyumbani haukupita muda mrefu akajiua. Spinoza alikuwa mtoto wa miaka saba.

Zamu yake ilifika tarehe 27 Julai 1656, akiwa na miaka 23. Wazee walisoma hati ya kumtenga. Haikueleza makosa yake ni yapi hasa, ilisema tu kwamba mafundisho na matendo yake ni maovu mno. Walimlaani kwa mchana na kwa usiku, kwa kulala na kuamka, kwa kutoka na kuingia. Wakaamuru mtu ye yote asiseme naye, asimwandikie, asimtendee jema lo lote, asikae naye chini ya dari moja, asimkaribie dhiraa nne, wala asisome neno aliloliandika.

Kijana wangu alinieleza haya yote tukiwa tumesimama pale penye sanamu. Hakunitazama, nami sikumtazama. Nilitazama maji.

Laana ile haijaondolewa mpaka leo. Mwaka 2015 wataalamu walikutana Amsterdam wakalizungumza jambo hilo, lakini rabi wa Wayahudi wale wa asili ya Ureno hakukubali kuiondoa.

Siku hiyo hiyo kijana alinipeleka mahali pengine, nadhani ili kunifurahisha. Katika mtaa wa Oudezijds Voorburgwal kuna nyumba ndefu nyembamba kama nyumba za jirani zake. Ukipanda ngazi zake za mbao, juu kabisa chini ya paa unakuta kanisa zima: altare, kinanda, na roshani mbili za kukalia watu. Ni kanisa la Wakatoliki. Tangu mwaka 1578 Wakatoliki wa mji ule walikatazwa kusali hadharani, na mfanyabiashara mmoja, Jan Hartman, alitengeneza kanisa hilo kati ya miaka 1661 na 1663. Watu walisali humo zaidi ya miaka 200, wakipanda kwa ngazi kama wageni waliokuja kunywa chai. Nilipiga magoti pale kwenye mbao nikasali muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Niliposimama nilimkuta kijana ameshika kofia yangu na fimbo yangu ya kutembelea.

Miaka ile ile Hartman alipokuwa akitengeneza kanisa lake la siri, Spinoza alikuwa amepanga chumba katika kijiji cha Rijnsburg, kilomita chache kutoka Leiden. Tulikwenda huko kesho yake kwa basi. Leo Rijnsburg ni mahali pa mnada wa maua. Waridi za Naivasha na za Arusha huuzwa katika minada ya nchi hii, na huenda baadhi yenu mna binti anayezikata. Nyumba yenyewe ni ndogo, ya matofali, chini ya paa la vigae. Ndani wamekusanya tena vitabu vya aina ile ile aliyokuwa nayo alipokufa, vipatavyo 160. Mwaka 1942 Wajerumani wa Hitler walivichukua, lakini baada ya vita vilirudi. Kitabu cha wageni kina jina la Albert Einstein, aliyefika mwaka 1920.

Spinoza alijipatia riziki kwa kusugua vioo vya darubini. Ni kazi ya mikono, ya vumbi na subira, na kifua kilimsumbua miaka mingi. Kijijini palikuwa na Wakristo wasio na mapadre wala wachungaji, waliokutana kusoma Maandiko na kusali pamoja, na baadhi yao walikuwa rafiki zake. Yeye hakuwa Mkristo, wala hakurudi kwa Wayahudi. Alifundisha kwamba Mungu na ulimwengu ni kitu kimoja, na kwamba Mungu hakasiriki wala hapendi kama mtu. Hapa sikubaliani naye hata kidogo, na Kanisa halikukubali. Vitabu vyake viliwekwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa, orodha ambayo ilifutwa mwaka 1966. Mwenye heri Niels Stensen, aliyekuwa rafiki yake kabla ya kuingia Ukatoliki, ndiye aliyewakabidhi wakubwa wa Kanisa huko Roma mwaka 1677 nakala ya kitabu chake kikubwa, ili kuwaonya. Nakala hiyo ilikutwa katika maktaba ya Vatikano mwaka 2010. Ilikuwa imetunzwa vizuri.

Lakini kijana wangu hakunipeleka Rijnsburg kwa ajili ya mafundisho hayo. Alinisimulia juu ya barua. Mwaka 1665 mfanyabiashara mmoja wa nafaka, Willem van Blijenbergh, alimwuliza Spinoza maswali ambayo mimi na ninyi tungeuliza. Kama mambo ni kama unavyosema, kusali kuna faida gani? Na kama mtu haogopi adhabu ya Mungu, nini kitamzuia asiibe? Spinoza alimjibu kwamba hakatai faida ya sala, kwa maana akili yake ni ndogo, haiwezi kuzijua njia zote ambazo Mungu anazo za kuwavuta watu wampende. Na juu ya uovu alisema kwamba anayeacha kuiba kwa kuogopa fimbo tu, huyo hajaanza kupenda wema. Yeye mwenyewe hujaribu kuuacha uovu kwa sababu haupatani na nafsi yake na ungemwondoa katika kumpenda Mungu.

Kijana alipofika kwenye neno fimbo alinyamaza. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi kungoja basi. Nikamwuliza, “Ile fimbo ya nyuma ya mlango, wewe uliichukia?” Akajibu, “Niliiogopa, baba. Nilipofika huku ikawa mbali, nikatafuta ndani yangu kama kuna sala nyingine, isiyo ya kuogopa. Nimetafuta sana.” Nikamwuliza kama ameanza ulevi au mambo ya wanawake. Akacheka kidogo, akasema hapana, na kwamba kila mwezi hupeleka fedha za karo ya mtoto wa marehemu dada yangu. Jambo hilo sikulijua. Nilidhani karo ile inatoka parokiani.

Mji wa tatu ulikuwa Den Haag. Kwenye mtaa wa Paviljoensgracht ipo nyumba aliyokaa Spinoza miaka yake ya mwisho, kwa mchora picha Hendrik van der Spyck na mkewe, watu wa madhehebu ya Luteri. Habari za maisha yake humo zinajulikana kwa sababu mchungaji mmoja Mluteri, Johannes Colerus, aliwauliza wenye nyumba akaandika kitabu mwaka 1705. Huyu mchungaji aliyachukia mafundisho ya Spinoza, hakuficha, lakini aliandika kwa haki. Alisema mtu huyu alikula kidogo, siku moja maziwa yenye siagi, siku nyingine uji wenye zabibu. Rafiki mmoja alitaka kumpa fedha nyingi, akazikataa. Watoto wa nyumba aliwahimiza waende kanisani na wawatii wazazi. Watu wa nyumba walipotoka kusali, aliwauliza wamejifunza nini katika mahubiri. Siku moja mama mwenye nyumba alimwuliza kama angeweza kuokoka katika dini yake. Alimjibu kwamba dini yake ni njema, asitafute nyingine, bali aishi kwa amani na uchaji.

Fikirini, wasomaji. Mtu yule angeweza kumcheka mama yule, naye mama angeweza kumfukuza mpangaji asiyesali. Walikaa chini ya dari moja karibu miaka sita.

Alikufa Jumapili tarehe 21 Februari 1677, akiwa na miaka 44. Asubuhi daktari aliagiza jogoo mzee achemshwe, na mchana mgonjwa akanywa mchuzi wake kwa hamu. Alasiri wenye nyumba walikwenda kanisani. Waliporudi wakaambiwa amekwisha kufa. Alizikwa katika Kanisa Jipya la mji ule, na nje katika uwanja wake lipo jiwe la kumbukumbu lililowekwa mwaka 1956, lenye neno moja la Kiebrania ambalo maana yake ni “watu wako”. Niliwaza juu ya mama yule aliyerudi kutoka kanisani, kama alimwombea. Mimi ningemwombea, nikajiambia, halafu nikakumbuka kwamba kwa miaka miwili jina la mtoto wangu mwenyewe sikulitaja katika rozari yetu. Nilikuwa nikiliruka.

Usiku ule kule Leiden nilimwambia, “Mwanangu, yale niliyosema katika simu, nayaondoa. Krismasi uje nyumbani.” Akasema, “Na rozari, baba?” Nikamwambia, “Rozari itasaliwa kama siku zote. Wewe kaa nasi. Ukitaka kupiga magoti piga, usipotaka kaa kwenye kiti.” Sijui kama Paroko wangu atanikosoa kwa maneno hayo. Fimbo ya nyuma ya mlango nilimwomba mama yake kwa simu aitie jikoni.

Jumapili kijana alinisindikiza mpaka kanisani. Yeye hakuingia, alibaki nje kwenye baridi. Misa ilikuwa ya Kiholanzi. Nilizifuata sala kwa kuzijua, lakini mahubiri yalinipita yote. Nilipotoka alinifunga skafu shingoni, akaniuliza, “Padre amesema nini, baba?”

Nikamwambia sikuelewa hata neno moja, nikampa karatasi ya masomo niliyopewa mlangoni. Akaikunjua, akaanza kunisomea Injili ya siku ile kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, polepole, tukitembea kando ya maji mpaka nyumbani kwake.