Tuliyoyameza Tabora

Nimezaliwa Itetemia, kulikokuwa na ikulu ya watemi wa Unyanyembe, nikakua nikiiona Tabora imegawanywa kwa rangi. Uzunguni kulikuwa na nyumba za bustani, Uhindini maduka, na sisi tukabaki uswahilini na vijijini. Hata shule, nchi nzima, kila rangi ilikuwa na zake.

Mama aliuza asali na maembe, nami nikimbebea kapu. Kwenye nyumba moja ya Uzunguni tulipokelewa mlango wa jikoni. Mwenye nyumba hakumpa mama hela mkononi. Aliziweka juu ya kizingiti cha dirisha. Mama alizihesabu moja moja, mbele yake, kisha akazifunga kwenye pindo la kanga. Njiani nilimwuliza kwa nini hakuzisusa. "Asali yangu, hela yangu," akasema. "Nikisusa, nani kapata hasara?"

Januari 1958 chama cha TANU kilifanya mkutano wake mkuu Tabora, mji mzima ukawa na gumzo la kura tatu. Serikali ya kikoloni ilimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu; ukiacha mmoja, kura imeharibika. Baba, kibarua wa reli, alikuja juu: "Wanatubagua, halafu niwapigie kura?" Na yeye mwenyewe hakuwa na kura, kwa kuwa hakuwa na elimu wala wadhifa uliotakiwa, na kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka alikisikia tu.

Wajumbe wengi nao walitaka kususia. Nyerere, kiongozi wa TANU, aliyeijua Tabora tangu alipokuja kusoma mwaka 1937, aliwasihi waingie kwenye uchaguzi, maana wakisusa viti vitachukuliwa na wengine. Hoja yake ikapita. Mwanachama mmoja, Zuberi Mtemvu, hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama chake. Baba alinuna siku kadhaa, kisha akaanza kuwapitia walimu na makarani aliowafahamu, akiwahimiza wasibaki nyumbani siku ya kura.

Uchaguzi ulipomalizika, Februari 1959, TANU na wagombea wa rangi zote iliowaunga mkono walikuwa wameshinda. Desemba 1961 tukapata Uhuru, na Januari 1962 ubaguzi wa rangi mashuleni ukafutwa. Mdogo wangu akaandikishwa shule iliyokuwa ya Wahindi.

Vijana husema wazee wetu walikuwa wavumilivu. Walivumilia, lakini kwa hesabu: walimeza kile tu kilichowasogeza mbele. Baada ya Uhuru nyumba ile ya Uzunguni alihamia mkubwa mmoja, Mwafrika mwenzetu. Mama alipopeleka asali, mlinzi akamwonyesha mlango wa jikoni. Mama akageuka, akaiuza yote sokoni, na hakurudi tena pale. Zamani alikuwa akisubiri Uhuru. Kwa huyu alisubiri nini?